Bushi ya Mia Tano, Giaboksi ya Elfu Sitini

Dereva wa gari kuukuu la otomatiki huanza kushuku siku liva ya gia inapocheza kama jino linalotaka kung'oka. Anaweka P, gari linakataa kuwaka. Anasukuma hadi N, linawaka mara moja. Taa ya dashibodi inasema D ilhali liva yenyewe imeegemea kati ya D na 2. Ufunguo hautoki. Kisha siku moja, na huwa ni asubuhi akiwa na haraka, liva inakwenda mbele na nyuma bila uzito wowote, na gari halina habari.

Hapo ndipo gharama inapoamuliwa, na mwenye kuiamua si duka la spea. Ni sentensi ya kwanza atakayotamka fundi. Akisema "bushi", utatoka gereji ukiwa umepungukiwa na noti chache. Akisema "giaboksi", jiandae kuuza ng'ombe. Nimesikiliza mazungumzo ya aina hii kwenye gereji za jua kali Meru na Embu mara nyingi, na naona kwamba pesa nyingi hazipotelei kwenye spea ghali. Hupotelea kwenye uchunguzi uliofanywa kwa mdomo, boneti ikiwa imefungwa.

Liva unayoishika haiingii ndani ya giaboksi. Kwenye magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, yaani Probox, Corolla, Premio, Fielder, Nissan B15, Wingroad na wenzao, imeunganishwa na kebo ya chuma iliyovikwa ala. Kebo hiyo inapenya ukuta ulio kati ya dereva na injini na kuishia kwenye giaboksi, mara nyingi chini ya boksi la filta ya hewa au karibu na betri. Huko kuna mkono mfupi wa chuma wenye pini. Ncha ya kebo ina jicho, na ndani ya jicho mna bushi: kipete cha plastiki au raba kisichozidi upana wa kidole gumba. Upande wa pili, chini ya liva, kuna jicho jingine na bushi nyingine. Joto la injini linaikausha bushi, oili inayovuja inaivimbisha, na vumbi jekundu la miteremko ya Mlima Kenya linaisaga. Ikishakwisha, jicho linakuwa pana kuliko pini, na unasogeza liva kitambo kabla mkono haujasikia. Vituo vya gia za otomatiki vimekaribiana mno, kwa hiyo milimita chache zinatosha liva ionyeshe P wakati mkono haujafika P.

Usidhani haya ni maradhi ya mitumba peke yake. Juni 2022 kampuni ya Ford iliita magari karibu milioni 2.9 yarudishwe kwa ukarabati nchini Marekani, yakiwemo Escape, Fusion, C-Max, Edge na Transit Connect, kwa sababu ya bushi kama hii. Ilikuwa ikiharibika au kutoka kabisa, dereva anaweka P, anashuka, na gari linaondoka peke yake. Joto na unyevu vilitajwa kuwa miongoni mwa visababishi, na tiba ilikuwa bushi mpya pamoja na kifuniko cha kuikinga. Hayo hayakuwa magari ya miaka ishirini. Corolla ya mwaka 2003 inayopanda Runyenjes kila siku ina kila haki ya kuchoka.

Kipimo cha kutenganisha bushi na giaboksi hakigharimu kitu, na inafaa kila mwenye gari akijue kabla hajaita fundi. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mawe si mbwembwe: ikiwa muunganisho umekatika, P ya kwenye liva haishikilii chochote. Zima injini, kisha fungua swichi bila kupiga stata. Mtu mmoja akanyage breki na kusogeza liva polepole, P, R, N, D, 2, L. Mwingine afungue boneti na kuutazama mkono wa giaboksi. Kila hatua ya liva iwe na hatua yake ya mkono. Liva ikitembea na mkono ukabaki pale pale, au ukafika nusu, ugonjwa uko nje ya giaboksi. Ukitaka uhakika zaidi, chomoa jicho kwenye pini na uusukume mkono kwa vidole. Giaboksi nzima hukupa mguso mkavu kila inapoingia kituo kipya, na unaweza kuuhesabu. Ni pale tu mkono unapofika vituo vyote barabara na gari bado halivuti ndipo inapostahili kuzungumzia oili, solenoidi na mengine ya ndani.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Mkubwa, hii giaboksi imekwisha. Tutafute nyingine ya Japani."

"Sawa, fundi. Lakini kwanza nionyeshe mkono wa giaboksi ukisogea."

Fundi anayeijua kazi yake hachukizwi na ombi hilo. Atatoa boksi la filta, aite kijana wake ashike liva, na ndani ya robo saa mtakuwa mmejua. Anayekasirika, au anayekuambia giaboksi za otomatiki hazichunguzwi hivyo, umempima yeye bila kulipa. Vilevile jihadhari na anayesikia kwamba gari haliwaki kwenye P akakimbilia stata au betri. Gari la otomatiki lina swichi inayokataza stata kufanya kazi isipokuwa kwenye P au N. Ikiwa linawaka vizuri kwenye N, stata haina kosa.

Tuje kwenye bei. Tarakimu ninazotumia ni makadirio ya kupangia bajeti kwa gari dogo la Toyota au Nissan. Kila duka na kila fundi ana yake, na kupatana kupo. Linalofaa kushikwa zaidi ni uwiano kati ya njia moja na nyingine.

Njia ya bei ya chini kabisa ni kurekebisha tu. Wakati mwingine bushi ni nzima ila nati inayoshika ncha ya kebo imelegea, au kuna aliyefungua giaboksi zamani akarudisha kebo bila kuipanga. Fundi analegeza nati, anausukuma mkono hadi mwisho upande wa P, anaurudisha vituo viwili hadi N, anaweka liva nayo N, kisha anakaza. Ufundi wa shilingi 500 hadi 1,000. Fundi asipokutajia uwezekano huu, muulize wewe.

Bushi ikiwa imekwisha kweli, swali ni kama inauzwa peke yake. Kwa Mercedes za zamani, W123 na W124 ambazo bado zinaonekana zikipanda Meru kwa heshima zote, jibu ni ndiyo. Hizo hazitumii kebo hapo. Zina vyuma virefu chini ya gari vyenye bushi ndogo za plastiki kila mwisho, na bushi hizo huuzwa moja moja. Bushi inalowekwa kwenye maji moto ili ilainike, inabanwa kwa koleo hadi midomo yake itokeze upande wa pili, na kazi imekwisha. Kazi inayobaki ni kufika huko chini, kwa hiyo tafuta gereji yenye shimo au rampu. Usikubali mtu aingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki pekee, hasa gari ambalo P yake haiaminiki.

Kwa Toyota na Nissan nyingi, mtengenezaji hukuuzia kebo nzima, bushi ikiwa imeshikamana nayo. Maduka ya spea huziba pengo hilo kwa bushi zilizotolewa kwenye kebo za magari yaliyokatwa, au za gari jingine zinazokubali. Ikipatikana inayokaa vizuri, mia tatu hadi mia nane, na ufundi wa elfu moja hivi, hakuna njia inayoishinda kwa thamani. Ukaguzi wake ni rahisi: shika jicho kwa vidole viwili ulizungushe kwenye pini. Lizunguke laini, lakini lisitikisike. Marekani kunauzwa mtandaoni bushi za kujibana zenyewe kwenye jicho la kebo ya zamani, kazi ya dakika chache. Wazo ni zuri, ila ukiongeza usafiri na ushuru hadi Nairobi, mara nyingi bei inaipita kebo nzima ya mtumba.

Fundi wa kukereza naye ana nafasi yake. Unampelekea pini na jicho, anakutengenezea bushi ya nailoni kwa shilingi 800 hadi 1,500, na kwa vyuma vya Mercedes au vya pikapu inafanya kazi ya miaka. Kwenye jicho la kebo mimi siipendi sana. Bushi halisi hapo imeumbwa iinamie kidogo, kwa kuwa kebo haivuti kwa mstari ulionyooka na injini hutikisika. Nailoni ngumu haiinami, basi mzigo wote unahamia kwenye pini. Ukilazimika, mwambie fundi aache nafasi ndogo na aiwekee klipu ya kuizuia isichomoke.

Sasa kebo ya mtumba, ile inayokuja Kenya ikiwa imetolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani. Hapa ndipo wengi wenye Toyota wanapoishia, na si vibaya. Kadiria 2,500 hadi 5,000 kwa kebo, na 1,500 hadi 2,500 kwa ufundi, maana konsoli lazima itoke, wakati mwingine na zulia, na hiyo ni nusu siku. Kasoro yake ni kwamba unanunua bushi iliyokwisha kutumika. Kwa hiyo usilipie kebo, lipia macho yake: yabonyeze, tafuta nyufa, hakikisha raba haijawa ngumu, kisha vuta waya ndani ya ala na uone kama unateleza bila kukwama. Kebo inayokwaruza ndani irudishe hapo hapo.

Kosa la kawaida kwenye ununuzi huu ni kuamini injini. Muuzaji anauliza, "Ni 1NZ?" Unasema ndiyo, anakupa kebo. Lakini injini ya 1NZ imo kwenye Probox na imo kwenye Corolla NZE121, na magari hayo mawili hayakupangwa sawa ndani. Usidhani kebo zitaingiliana. Tumia namba ya chesisi, na kama unaagiza kwa simu, tuma picha ya kebo ya zamani ikiwa imenyooshwa kando ya futi ya kupimia.

Kebo mpya, ya wakala rasmi au ya kampuni inayoaminika, inaweza kugharimu 8,000 hadi 20,000. Inafaa katika hali moja tu kwa maoni yangu: kebo yenyewe imekufa, ama waya umeanza kufumuka, ama ala imeyeyuka kwa kugusa egzosi. Kulipa bei hiyo kwa ajili ya kipete kilichochakaa kwenye gari la miaka ishirini ni hiari ya mwenye pesa zake. Giaboksi ya mtumba, kwa kulinganisha, itakugharimu kati ya 35,000 na 70,000, na bado hujalipa oili na ufundi. Ubaya wa kubadilishiwa giaboksi bila sababu ni kwamba gari huwa linapona! Fundi alipoirudisha kebo alikaza nati, pengine akatia na bushi. Mteja anaondoka akishukuru, na giaboksi yake nzima inabaki gereji ikingoja mnunuzi.

Imebaki waya. Karibu kila gereji ya barabarani itakufungia jicho kwenye pini kwa waya au ukanda wa tyubu, shilingi mia mbili, na utaondoka ukiendesha. Kukufikisha nyumbani, sawa. Shida ni waya huo unapogeuka kuwa ndiyo matengenezo. Chuma kikisugua chuma, pini inalika, na pini iliyolika haishiki tena hata bushi mpya. Hapo utalipia kuchomelea au mkono mzima, na kazi ya mia tano imekuwa ya elfu kadhaa.

Tena fikiria barabara yenyewe. Kati ya Embu na Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, lami inashuka kwenye mabonde ya mito ya Mlima Kenya na kupanda tena, kona juu ya kona. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Daraja la Nithi linajulikana nchi nzima kwa ajali. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya thelathini wakafa. Hilo halikuwa suala la bushi, lakini mteremko ndio huo huo. Gari dogo la otomatiki linaposhuka pale linapaswa kuwa kwenye 2 au L ili injini ishike na breki zisichemke. Jicho lililofungwa kwa waya linaweza kukunyima hiyo L, au likakuingiza na kukataa kukutoa. Juu, kwenye miji yenye mwinuko kama Meru, swali linakuwa la kuegesha. Hata bushi ikiwa mpya, vuta breki ya mkono kwanza, achilia ya mguu uzito wa gari ukae kwenye breki hiyo, kanyaga tena, ndipo uweke P.

Muunganisho ukikukatikia njiani, usikubali ule ujanja wa mtu kusimama mbele ya gari na kuusukuma mkono hadi D injini ikinguruma. Gari litaondoka naye. Ita gari la kuvuta, na sisitiza magurudumu yanayovuta yainuliwe, maana kuburura otomatiki magurudumu hayo yakizunguka kunaweza kuua giaboksi iliyokuwa nzima. Kutoka Chuka hadi Embu au Meru kuvutwa kwaweza kukugharimu maelfu, mara kadhaa ya bei ya bushi na ufundi wake.

Kati ya miji hii miwili, tofauti ni ya muda zaidi kuliko bei. Embu iko kilomita 120 na ushei kutoka Nairobi. Spea ikiagizwa huko, Kirinyaga Road, asubuhi na kupewa matatu kama mzigo, jioni inaweza kuwa mkononi. Meru iko mbali zaidi kwa karibu kilomita 100, na Maua mbele zaidi ya hapo, kwa hiyo hesabu siku nzima ya ziada, na kama gari ni la biashara, hesabu pia mapato ya siku hiyo. Kwa upande mwingine, Probox ni nyingi mno pande hizi, za miraa kutoka Igembe na za muguka kutoka Mbeere, hivi kwamba kwa gari hilo huenda usihitaji Nairobi kabisa. Mwenye Subaru au Mercedes hana bahati hiyo. Unapoagiza kwa mbali, usitume pesa yote kwa M-Pesa kabla hujaona picha ya macho ya kebo, na patana mapema nani atalipa kuirudisha isipoingia.

Jambo ambalo wateja wengi hawalitumii ni sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari: makadirio ya gharama, idhini ya mteja kabla ya kazi, na kurudishiwa spea zilizotolewa. Kwa jua kali hakuna atakayekuandikia kurasa tatu. Lakini ujumbe mfupi wa simu, "Fundi, tumekubaliana kebo 3,500 na kazi 2,000, ya zamani nitaichukua," ni maandishi tosha ya kukumbushana. Na uichukue kweli. Kebo ya zamani mkononi ndiyo inayokuonyesha kama bushi ilikuwa imekwisha au umeuziwa hadithi.

Ningekuwa na Probox au Corolla ya matumizi ya kila siku, ningetafuta bushi ya mia tano kwanza, nisipopata inayokaa vizuri ninunue kebo ya mtumba na kulipia kazi mara moja, bushi ya upande wa liva nayo ikaguliwe wakati konsoli iko nje. Kwa Mercedes ningebadilisha bushi zote kwa pamoja kwa kuwa kuingia chini ndiko kunakolipiwa. Gari la kubeba abiria au mzigo kupitia Nithi halistahili waya hata kwa siku moja ya ziada. Na kama unanunua gari kuukuu la otomatiki kwa mtu, fungua boneti, toa boksi la filta, utazame ncha ya kebo. Ukikuta waya, toa bei ya kebo na ufundi kwenye bei ya gari, na kabla ya kupeana mikono sogeza jicho kando uone pini imelika kiasi gani.